Kamba ya Buluu ya Bi Verdie

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Verdie Narcisse anavua viatu. Bado hajafika majini. Anavitundika shingoni, anatembea peku kwenye nyasi zenye umande, kisha anageuka na kunitazama mimi, mgeni wake, miguuni.

"Karpi anasikia hatua kuliko mama mkwe," ananong'ona. "Vua na wewe, bwana."

Tuko ukingoni mwa Bayou Cassine, mto wa maji ya polepole huko Louisiana, Marekani, mwezi wa Mei, chini ya mforosadi ulioinamia maji. Tunda moja linaanguka, chubwi! Maji yanazunguka na mdomo mnene unachomoza kulimeza. Huyo ndiye karpi, samaki wa magamba makubwa ambaye nusu ya watu wa hapa humtupa. Bi Verdie, mwenye umri wa miaka sitini na mitatu, amesomesha mabinti wawili kwa kuwaonyesha watu namna ya kumpata.

Anachomeka punje mbili za mahindi ya kuchemsha kwenye ndoana, na forosadi moja juu yake. Haweki risasi ya kuzamisha. Anasubiri tunda jingine lianguke, ndipo anatupa. Dakika mbili hazijapita, mshipi unakaza.

"Watu wananunua chambo cha bei, halafu wanakwenda kukaa kwenye kina," anasema huku akimvuta karpi wa kilo nne. "Kwenye kina kuna nini? Mfuate samaki mezani kwake. Mei anakula forosadi. Mvua ikijaza mto, anakula minyoo kwenye nyasi zilizofunikwa, maji ya magotini. Mifupa ikikusumbua, mchanje mbavuni mistari ya karibu karibu, mkaange kwa mafuta mengi, yote inalainika. Anayesema karpi haliki, hajui kupika, basi."

Mgeni hulipa dola hamsini kwa asubuhi moja. Julai na Agosti joto huwafukuza wageni wote, naye hufanya usafi katika nyumba ya wageni kando ya barabara kuu. Hailalamikii kazi hiyo, ila akiitaja hutazama pembeni.

Lakini wageni wengi hawaji kwa sababu ya karpi. Wanamtaka gar, samaki mwenye mdomo mrefu kama wa mamba mdogo, na hapo ndipo Bi Verdie ana shida asubuhi hii.

Mdomo wa gar ni mfupa mtupu, ndoana haishiki. Kwa hiyo Bi Verdie hatumii ndoana. Anachukua kipande cha kamba ya nailoni, anakichambua nyuzi mpaka kiwe kama ndevu, kisha anakiburuza karibu na uso wa maji. Gar akikiuma, meno yake yananasa kwenye nyuzi.

"Ukivuta mapema, umevuta maji. Mwachie atafune. Hesabu mpaka ishirini, taratibu, kama unahesabu nguo za kufua. Halafu vuta. Nyama iko mgongoni, unaipasua kwa shoka na mkasi wa kukatia bati. Mayai usiyaguse, ni sumu. Mbwa wangu aliyagusa, Mungu amrehemu."

Wengine wote hapa hutumia kamba nyeupe ya dukani. Yake ni ya buluu, kama ilivyokuwa ya baba yake. Na baba yake alimwachia sharti moja: samaki harudi majini mpaka uzi wa mwisho umetoka.

Jumatano iliyopita sharti hilo lilivunjika. Mgeni mmoja alivuta gar wa urefu wa mita moja na zaidi mpaka ubavuni mwa mashua, akayaona meno, akapiga kelele, akakata mshipi kwa kisu. Samaki akazama na kamba mdomoni.

"Taya limefungwa. Hawezi kula," anasema Bi Verdie. "Anakufa njaa pole pole, na kamba yangu mdomoni. Nimeona aibu, sikufichi. Kisu kile ningekichukua kabla hatujapanda mashua."

Kuna kamati inayosimamia gati la mashua hapa, na Jumatatu itapiga kura kuhusu kupiga marufuku uvuvi wa kutumia kamba. Hoja ni ya Ovide Narcisse, mdogo wa marehemu mume wake, ambaye amesema mwaka mzima kwamba siku akiona hata gar mmoja amefungwa mdomo, basi, kamba zikome. Hoja ikipita, theluthi mbili ya wageni wa Bi Verdie hawatarudi.

Kwa hiyo tangu Alhamisi anamtafuta samaki mmoja katika mto mzima. Si wazimu. Maji yakipata joto gar hupanda kuvuta hewa, na aliyechoka hupenda maji yaliyotulia. Saa tatu asubuhi tumekaa kwenye mashua ya bati, mdomoni mwa mfereji wa zamani. Bi Verdie ameshika ufito wenye kitanzi.

Tunasikia injini. Lo! Ovide huyo.

"Shemeji! Umegeuka sanamu?"

"Sanamu haina ulimi, Ovide. Zima hiyo injini."

"Unangoja nini hapa?"

Bi Verdie angeweza kusema anangoja karpi. Kabla hajajibu, hatua tatu kutoka kwetu, mdomo mrefu unapasua maji, na juu yake kuna shada la buluu.

Ovide ameliona. Bi Verdie anajua ameliona.

"Shika mashua yangu isitikisike," anamwambia. "Maswali baadaye."

Naye anaishika, kwa mikono miwili. Samaki anapanda mara ya pili. Kitanzi kinapita mdomoni, kinakaza nyuma ya mashavu, na maji yanaturukia sote. Bi Verdie anavaa glovu na kuanza kuchomoa nyuzi, mmoja mmoja, huku akimsemesha samaki kwa sauti ya chini. "Tulia, baba. Samahani. Huu hapa. Na huu."

Inachukua dakika kumi na saba. Mkia unapiga maji mara moja, naye ameshazama. Bi Verdie anafuta macho kwa mkono wa shati, bila kujificha.

Ovide anakohoa. "Shemeji, mimi sikuona kitu."

"Acha ujinga, umeona! Mficha uchi hazai. Jumatatu nakuja na kamba hii mkononi, nitawaambia ni yangu na ilikuwaje."

"Wakiipiga marufuku je?"

"Hawatapiga, maana nina hoja yangu. Hakuna kutupa kamba bila kitanzi na glovu. Kisu cha mgeni kinabaki nchi kavu. Na kila mvuvi ajiandikishe rangi yake, nyeupe iondoke kabisa. Samaki akifungwa mdomo, tujue nani wa kwenda kumtafuta."

Ovide anafikiri. Kisha anaingiza mkono chini ya kiti chake na kutoa kipande cha kamba iliyochambuliwa. Ni nyeupe, na bado imelowa.

"Haya," anasema, uso umemshuka. "Niandikie nyekundu."