Sinki la Pili

Muuza nyumba wa kijiji chetu cha wastaafu, hapa Florida, ana mikono laini isiyojua ufagio. Akitaja bei hupapasa meza ya jikoni kama anabembeleza paka. Mimi nasafisha nyumba ya maonyesho, namsikia kila siku: "Bei haishuki, mama. Nitakuongezea feni." Jana Bi Lorene alimsihi apunguze bei, pesa zibaki za kumtibia mumewe, Delbert, aliyeketi na mpira wa oksijeni puani. Jamaa akaacha kupapasa. Akakitazama kifua cha mzee kinavyohangaika, akatabasamu.

"Bafuni kuna masinki mawili, la bibi na la bwana. Tukiondoa moja, bei inashuka."

"Ondoa langu, kijana," Delbert akasema.

Mikono laini ikarudi mezani.