Mama Mkwe Alipoongea na Huduma kwa Wateja

Nyumbani kwa mama mkwe wangu, Bukiriro, mpakani na Burundi, radi ikianza kunguruma hakuna anayebaki amekaa. Yeye mwenyewe huanza na redio, halafu chaja za simu, halafu televisheni, anachomoa kimoja kimoja na kuviringisha nyaya zake kama anayekusanya kamba za mbuzi. Kioo cha sebuleni hugeuzwa kitazame ukuta. Sufuria zilizoanikwa nje huingizwa ndani, aliyevaa nyekundu huambiwa akabadilishe, na simu zote huzimwa, hata ya mgeni aliyefika muda huo huo. Nilipoyaona hayo mara ya kwanza nilikuwa bibi harusi wa juzi tu, nikacheka kimoyomoyo. Msimu ule ule ng'ombe wa jirani alikutwa amekufa chini ya mparachichi, na mti wenyewe umepasuka mpaka chini. Tangu hapo sikucheka tena, nikawa nasaidia kugeuza kioo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Runazi, Biharamulo, na huko ndiko nilikozaliwa. Lugha yangu ya nyumbani ni Kisubi, ya mama mkwe ni Kihangaza, basi mimi na yeye tunakutana kwenye Kiswahili. Changu ni cha ubaoni, chake ni cha sokoni na kanisani, chenye r palipo na l, na kwa kweli chake kinafika mbali kuliko changu. Mimi nina mdomo mwepesi. Nikiudhika naongea haraka, na nikimaliza ndipo nakumbuka nilichotaka kusema.

Mwaka ule nilikuwa namalizia shahada kwa masafa, kimebaki kitu kimoja tu, andiko la utafiti, nalo lilitakiwa kabla muhula haujafungwa. Nikishindwa, narudi nyuma mwaka mzima. Likizo ilipofika nilibeba laptopu yangu, bado mpya, nikaenda Bukiriro kuandika. Kwa desturi mkwe akienda ukweni hawi mgeni: anawahi kuamka, anafagia, anachota maji, anashika jiko. Nilikuwa nimejiandaa kwa hayo yote. Mama mkwe alinipokea, akanipeleka kwenye meza anayochambulia maharage, akaifuta kwa kanga yake, akasema, "Kaa hapa. Kazi yako ni hii."

Alifagia yeye. Wanawake wa jumuiya ya kanisani walipokuja na kuona mkwe amekaa kivulini ndani wakati mama anabeba kuni, mmoja akakohoa kile kikohozi chenye maneno. Mama mkwe akamwambia, "Usimsumbue, anaandika kitabu cha chuo." Nilijisikia vibaya na nilijisikia malkia, yote mawili kwa pamoja. Mama yule hakusoma zaidi ya darasa la nne, na sijaona mtu aliyeiheshimu kazi yangu vile.

Siku moja mchana kompyuta ilileta ujumbe kutoka kwa watengenezaji wake. Kuna sasisho muhimu, walisema, la ile programu ya chini kabisa inayoiamsha mashine kabla ya kitu kingine chochote. Usiizime, usiifunge, usichomoe chaja. Nikabonyeza kukubali, nikaiacha ikifanya kazi yake, nikaenda kumjulia hali jirani aliyejifungua. Anga lilikuwa jeupe nilipotoka. Nilipokuwa nimempakata mtoto wa watu, mawingu yakaja kutoka upande wa Burundi na ngurumo ikaanza.

Nilirudi nimelowa. Mama mkwe alikuwa mlangoni ananisubiri, uso umejaa furaha. "Mashine yako nimeiokoa," akasema. Alikuwa amechomoa chaja, ameifunga, ameizungushia kitenge mara mbili kwa sababu mgongo wake unang'aa kama kioo, na ameisukuma chini ya kitanda chake mwenyewe. Nikasema ahsante mama. Ningesema nini?

Ilipowashwa iliwaka, nikapumua. Lakini nusu ya vitufe haikuandika kitu. Feni ikavuma kama mashine ya kusaga, na chaja ukiichomeka haiingizi moto. Betri ikashuka mbele ya macho yangu mpaka ikaisha, na andiko langu likazimika nayo. Kwenye flashi nilikuwa na sura za mwanzo. Sura zote za mahojiano, zile nilizoziandikia kwenye meza ya maharage, zilikuwa ndani ya kile kibati.

Sasa kupiga simu Bukiriro kuna mambo yake. Bondeni nyumbani simu hushika mtandao wa ng'ambo, inakukaribisha Burundi hali umekaa jikoni kwako Tanzania. Ukitaka kuongea bila kukatika unapanda mpaka kanisani juu, ukakae kwenye ukuta mfupi karibu na kengele. Nilipanda, mama mkwe akanifuata kwa sababu alikuwa na zamu ya kupanga maua. Nikabonyeza moja, nikabonyeza tatu, nikasikiliza muziki, mpaka kijana wa huduma kwa wateja akapokea. Nilimweleza yote. Akaniambia niizime kisha niiwashe. Nikamwambia haiwaki. Akasema anaelewa, na je, nimejaribu kuizima?

Halafu akauliza, "Wakati wa sasisho, kuna mtu alichomoa chaja au kuifunga kompyuta?"

Mama mkwe alikuwa amesimama karibu, na maua mkononi. Kwetu, na kwao pia, mkwe hasimami mbele ya watu akasema mama mkwe wangu ameniharibia kitu. Hata kama ni kweli. Hata kama anayesikiliza yuko Dar es Salaam na hatakutana naye maisha yake yote. Nikasema, "Kulikuwa na radi." Kijana akasema nijibu ndiyo au hapana. Nikasema tena kulikuwa na radi kubwa sana, halafu nikasema mtandao unasumbua, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri kuliko siku zote. Nilipogeuka mama mkwe alikuwa ananitazama, na nikajua ameelewa.

Aliingia kanisani akapanga maua yake.

Yaliyofuata nayakumbuka kwa hasira mpaka leo. Kila nilipopiga nilipokelewa na mtu mpya, na kila mtu mpya alianza upya, kama vile mimi na kompyuta yangu tumezaliwa asubuhi hiyo. Niliitwa mteja wetu mpendwa mpaka neno lenyewe likanichefua. Mmoja aliomba jina la mtaa na namba ya nyumba. Nikamwambia ukipita mashamba ya kahawa, nyumba ya pili yenye bati la bluu. Akasema mfumo haukubali bati la bluu. Mwishowe wakasema niitume kwa wakala wao Mwanza, nikaifunga kwenye boksi la sabuni, nikaikabidhi kwa watu wa basi. Ilirudi kwenye boksi lile lile haijatengenezwa, na karatasi juu yake: mtumiaji alikatiza sasisho, waranti haihusiki. Nilipandwa na mori. Nilimsema yule wakala, nikaisema kampuni, nikamsema hata aliyegundua umeme, na mume wangu aliyekuwa amekuja kututembelea akaondoka taratibu kwenda kuangalia mbuzi ambao hawakuwa na shida yoyote.

Ila kilichoniumiza hasa si karatasi. Siku mbili tatu baadaye radi ilinguruma tena. Mimi nilikuwa jikoni, nikasubiri kusikia nyaya zinachomolewa. Wapi! Nilipoingia sebuleni nilimkuta mama mkwe amekaa kwenye kiti chake, mikono mapajani. Redio inaimba. Televisheni imechomekwa. Kioo kinatazama mlangoni na umeme wa radi unawaka ndani yake.

"Mama, hatuchomoi?"

"Wewe ndiye unajua, mwarimu," akasema. "Mimi vitu hivi sivijui."

Nilichomoa mwenyewe, nikageuza kioo. Mwanamke aliyeiamuru nyumba ile tangu alipofiwa na mumewe alikuwa amekaa ndani mwake kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Andiko langu lilinitoka akilini kabisa. Nilitaka arudi kunifokea kuhusu nguo nyekundu.

Asubuhi yake alikuja amevaa kitenge cha Jumapili hali ilikuwa siku ya kazi. Akasema, "Twende kanisani. Nataka niongee na watu wako wa mashine."

Nilijaribu kumzuia. Nilimwambia watu wale hawasikilizi, watamwambia abonyeze moja. Akasema atabonyeza. Tulipanda kilima, yeye mbele, tukakaa ukutani, nikaweka simu kwenye spika katikati yetu. Muziki ukapiga weee. Hatimaye sauti ya msichana ikaanza, ahsante kwa kutupigia, unaongea na fulani, naomba namba ya mashine yako.

"Habari ya asubuhi, binti yangu," akasema mama mkwe.

Yule msichana akaacha habari ya namba. Kisha akasema, kwa sauti nyingine kabisa, "Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeamkaje? Hapo kazini mmeamkaje?"

Waliamka salama. Mama mkwe akauliza wazazi wake wako wapi, na kama huko mvua imefika, na msichana akajibu yote, mimi nimejishika kinywa nisiingilie. Salamu zilipokamilika mama mkwe akajiweka sawa, kama anayesimama kusoma somo.

"Binti yangu, mimi ni mama mkwe wa huyu mwenye mashine. Mriuriza nani arichomoa waya. Nirichomoa mimi. Nirisikia radi, nikachomoa, nikafunga, nikaweka uvunguni. Mkwe wangu arikuwa hayupo. Harafu mkamuuriza, akashindwa kunitaja kwa sababu ya heshima. Sasa najitaja mwenyewe. Mkiandika kwenye makaratasi yenu, andikeni ni mimi, yeye msimwandike. Na mumpe kazi yake iriyomo ndani, hata kama mashine mtaitupa."

Niliangalia chini. Nilikuwa na maneno mengi ya kuwapa watu wale, ya kimombo na ya kisheria, nimeyaandaa siku kadhaa. Hakuna hata moja lililokuwa na uzito wa hilo. Nilimpenda sana mama yule, pale ukutani, nikaona haya kwamba nilidhani natakiwa kumlinda.

Msichana akasema, "Pole sana mama. Usijisikie vibaya. Tunapokea wengi wenye shida hii hii."

"Wengi?"

"Wengi mama. Tangu hilo sasisho."

"Poreni nao. Wafikishie pore yangu." Alifikiri kidogo. Alikuwa anawahurumia kweli, nilimwona. "Na hao wenzangu, kwao nako radi iringuruma?"

Simu ikawa kimya. Nilidhani tumehamia Burundi, nikatazama kioo cha simu, mtandao ulikuwepo wote. Nyuma ya msichana zilisikika sauti za wenzake, kila mmoja anaanza upya na mteja wake mpendwa.

"Hapana mama," akasema polepole. "Wengine wako Dodoma, mvua hawajaiona bado. Hawakuchomoa kitu." Kisha akasema, "Mama, naomba usikate simu. Ngoja nimwite mkubwa wangu."

Mama mkwe hakumsubiri mkubwa. Alinisogezea simu na kusema, "Haya, ongea naye wewe, una Kiswahiri kizuri." Akashuka ukutani, akasimama na kutazama bonde, nyumba yake, migomba yake. Mkubwa alipokuja alikuwa na maneno marefu, lakini nilimwuliza swali lile lile la mama mkwe, neno kwa neno, naye akaniambia niirudishe mashine kwa wakala.

Boksi la sabuni lilirudi Mwanza. Safari hii ujumbe wao ulisema kasoro imetokana na sasisho lenyewe, kwamba limeshaondolewa, na kwamba wanasikitika kwa usumbufu, sentensi ambayo nadhani imeandikwa tayari mahali ikisubiri watu kama mimi. Walibadilisha ubao wa saketi wa ndani. Andiko lilikuwemo lote, mpaka sentensi niliyoiacha katikati. Nilimsomea mama mkwe ule ujumbe mezani, akanitaka niusome tena, halafu akachukua ungo wake akaenda kupepeta maharage nje. Nilimsikia anaimba.

Zilibaki siku chache muhula ufungwe. Nilikuwa kwenye ukurasa wa mwisho, kichwa kimezama, vitufe vyote vinaandika, sikusikia hata anga likibadilika. Nilichosikia ni viatu vyake vya plastiki vinakuja mbio. Redio ikazimika. Kioo kikageuzwa. Halafu mkono wake ukapita mbele ya uso wangu, ukachomoa chaja, na kitenge kikatua juu ya meza na juu ya vidole vyangu nikiwa bado naandika.

"Mama, imebaki mistari miwili tu."

"Mistari itakungoja," akasema, anaviringisha waya. "Na hiyo blauzi nyekundu uriyovaa, kabadirishe."

Nikainuka nikaenda kubadilisha.