Mama Mkwe Atweka Tanga Hombolo

Safari hii ilisababishwa na kisogo changu. Mama mkwe alikuja Dodoma kutoka Pangani kumsubiri mjukuu, kwa kuwa mke wangu Rehema alikuwa na mimba ya miezi minane. Wiki tatu hazijaisha, akatangaza kwamba Jumapili anarudi kwao. Sababu aliitoa mara moja tu, jikoni, kwa sauti ya kutosha kunifikia barazani nilipokuwa nakula: "Mumeo hanitaki. Tangu nifike namjua kwa kisogo."

Hakusema uongo. Mimi ni Mgogo wa Haneti, na katika ukoo wetu mama mkwe ni mtu wa kukwepwa. Huketi naye mkeka mmoja, huli naye sahani moja, humtazami usoni. Akiingia sebuleni, wewe unakumbuka kazi nje. Basi kila asubuhi nilimwamkia huku nikitazama sakafu, kisha nikaenda kula barazani na vumbi langu, nikijiona mkwe wa kupigiwa mfano. Rehema alijaribu kumweleza kwamba hiyo ni heshima. Mama akajibu kuwa kwao hata paka akitoka huaga.

"Mama akiondoka," Rehema akaniambia usiku ule, "uchungu ukinishika nitabaki na wewe na hicho kisogo chako."

Ilikuwa mimba yetu ya kwanza na nilikuwa naogopa kuliko yeye, ila sikuwahi kumwambia. Kwa hiyo nikapendekeza Jumamosi twende bwawani Hombolo. Mama amekulia majini, baba yake alikuwa nahodha. Nilitumaini maji yangenisemea.

Asubuhi tuliondoka Nzuguni, mimi kwenye usukani, Rehema pembeni yangu, mama kiti cha nyuma. Ilikuwa Agosti, mwezi ambao upepo wa Dodoma huanua nguo zako na kumpelekea jirani. Mama alitazama miti iliyoinama upande mmoja, akaguna.

"Upepo wote huu, na bahari hamna," akasema. "Hasara tupu."

Tulipofika Ihumwa akaomba tusimame dukani. Akashuka, akarudi na kamba ya manila, mpya, ya kufungia mzigo wake wa Jumapili. Aliiweka mapajani akaipapasa njia nzima. Rehema alinitazama, mimi nikatazama barabara. Hamu ya matembezi ilinitoka kabisa.

Hombolo ilitupokea vizuri. Ukitoka kwenye ukame wa njiani, lile bwawa linakushtua: maji mengi, ndege weupe, na ng'ambo kijani cha mashamba ya zabibu. Mwenyeji wetu alikuwa Yohana, mvuvi niliyewahi kununua samaki kwake, Mgogo mwenzangu mwenye mashua ya mbao na maneno machache.

"Mbukwenyi," akatusalimu Kigogo, kisha akamgeukia mama: "Shikamoo, mama. Karibu pwani yetu."

"Marahaba, mwanangu. Mawimbi yako wapi?"

"Yanakuja, mama. Ila msiingie kuoga, kuna kichocho."

Tukala kwanza. Mke wa Yohana alikaanga perege wakauke vizuri, wakaletwa na ndimu na pilipili. Mimi, kama kawaida, nikachukua samaki wangu nikaenda kumlia nyuma ya gari. Niliporudi, mama alikuwa amesimama ufukoni, kanga imekazwa kiunoni, akimuuliza Yohana kwa nini anahangaika na kasia wakati upepo unapita bure. Kabla sijaelewa, turubai langu la kufunikia gari lilikuwa limetolewa kwenye buti, mti mrefu umesimamishwa kwenye mashua, na mama anakata kamba yake ya manila kwa kisu cha samaki, vipande vipande, akifunga mafundo ambayo macho yangu hayakuweza kuyafuata.

"Anayejua kufunga turubai hili ni nani?" akauliza. Nikainua mkono bila kufikiri. "Basi panda."

Rehema, kwa tumbo lile, hakuweza kupanda. Alibaki kivulini, miguu juu ya ndoo, akinipungia mkono na tabasamu la mtu aliyepanga jambo.

Tulivaa majaketi ya kuokolea, tukaondoka. Nimeendesha magari na matrekta, lakini sijawahi kuhisi kitu kama kile. Turubai lilijaa upepo, mashua ikainua pua, maji yakaanza kucheka pembeni. Yohana aliacha kasia akabaki mdomo wazi. Mama alishika kamba ya tanga kwa mkono mmoja, amekuwa binti wa miaka ishirini.

Mimi nilikuwa nimejibana upande wa pili, nimempa mgongo. Mashua ikaanza kulala upande wangu, maji yakachungulia ndani.

"We baba, njoo kaa huku kwangu. Utatuzamisha."

Nikamtazama Yohana. Yohana akatazama ndege. Alijua kabisa naombwa nini, na siogelei hata kwenye beseni. Nikasogea, nikakaa kando ya mama mkwe, bega kwa bega, jasho likinitoka katika upepo ule wote. Mashua ikanyooka. Akanikabidhi ncha ya kamba.

"Vuta. Hivyo hivyo. Kumbe una mikono."

Ng'ambo tulifika haraka mno, mbele ya shamba la zabibu la dada yake Yohana. Kurudi ndiko kulikotushinda. Tulijaribu tanga, tukasukumwa tena ufukoni. Tukajaribu kasia, tukawa tunapiga maji tukiwa pale pale. Mama hakuwa na wasiwasi. Alikaa chini akatandaza kanga.

"Tusubiri jioni upepo ugeuke," akasema. "Upepo wa bara utatoka, uturudishe."

Nilijikaza nisijibu, nikashindwa. "Mama, hapa kote ni bara."

Mama akatazama mashariki, akatazama magharibi, vumbi na vilima pande zote. Yohana akamwambia kwa upole kwamba upepo huu haugeuki, jua likipoa unalala, na ukilala ndipo watu hupiga kasia. Mama akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Nami nikacheka.

"Kumbe una mwanya," akasema ghafla. "Rehema aliniambia, nikamkatalia. Wiki tatu sijauona."

Dada yake Yohana alituletea zabibu kwenye sinia moja. Miguu yangu ilikuwa tayari imeanza kunipeleka nyuma ya mizabibu, nikaizuia.

"Mama," nikasema nikitazama zabibu, "mimi sikuchukii. Kwetu mkwe anayeheshimiwa hukaliwa mbali. Nimekukalia mbali kadiri nilivyoweza. Na naomba usiondoke, kwa sababu naogopa. Mtoto akija sijui hata nimshike wapi."

Alilisogeza sinia likawa katikati yetu, akaanza kula. Mkono wangu ulikuwa mzito, lakini nikala, zabibu moja moja, kutoka sahani moja na mama mkwe wangu. Mbingu hazikuanguka.

Jioni upepo ulilala kama Yohana alivyosema. Tukapiga kasia yeye na mimi, na mama akakaa mbele ametugeukia, hivyo sikuwa na pa kuficha macho. Rehema alitupokea kwa kelele za simu alizopiga bila kujibiwa. Simu yangu na ya mama zilikuwa zimebaki garini. Alipotuona tumekalia mashua ileile tukitazamana, akaacha kugomba.

Wakati wa kurudi, Rehema alitaka kunyoosha miguu, akachukua kiti cha nyuma chote na kulala. Mama akafungua mlango wa mbele, akakaa pembeni yangu, akafunga mkanda. Njiani nilikuwa nikiwaza jinsi yeye alivyosubiri upepo wa Pangani uvume Hombolo, nami nilivyosubiri ukimya wa Haneti ueleweke kwa mtu wa Pangani. Wote wawili tulikwama ng'ambo.

Ihumwa, duka lilikuwa bado wazi. Nikapunguza mwendo, kwa kuwa nilitaka kujua na niliogopa kujua.

"Mama, kamba yako tumeikatakata. Nisimame ununue nyingine?"

Aligeuka nyuma kumwangalia mwanawe aliyelala, akamvutia kanga imfunike tumbo, kisha akatazama mbele.

"Ya kazi gani?" akasema. "Endesha."