Kitenge chenye Sura ya Mama Maria

Baba yangu ni fundi wa nguo hapa Mulongwe, na kwa kushona hana mpinzani mtaa mzima. Kwaya za makanisa karibu zote zimepita kwenye cherehani yake. Kitu kimoja tu hukataa: kitenge chenye sura ya Yesu au ya mama yake. Sisi ni Waislamu. Kwetu huyo ni Nabii Isa, na watukufu kama hao hawachorwi. "Nani alimuonaka?" huwauliza wateja, kisha huwarudishia kitenge chao kimekunjwa vizuri.

Jirani yetu Mkatoliki ndiye aliyenilea mama yangu alipofariki. Alikuwa na kitenge cha Mama Maria, na kwenye sikukuu za kanisa alijifunga nacho hivyohivyo, bila kushonwa, akimtania baba kwamba ataendelea kumngoja mpaka alainike.

Mto wa hapa kwetu ulipofurika tena, homa ilimshika jirani yule, hakuamka. Binti yake akatuletea kitenge kile.

"Baba, mama alisema tumuzike na hii. Alisema weye tu ndiye utamushonea."

Baba alikilaza mezani, picha ikiangalia chini. Nilidhani amekubali.

"Ule alikuwa dada yangu," alisema. "Lakini hii hapana. Lete kitambaa ingine, nitashona sasa hivi."

"Hakutaka ingine."

Nilimchukia saa ile, sifichi. Nilimwambia mbele ya binti, "Alinilea minye, na weye unamunyima gauni ya kaburi." Baba alikikunja kitenge vizuri, akamrudishia.

Binti alipanda pikipiki mpaka mtaa wa Kasenga, kwa fundi wa kwanza aliyekubali kumaliza kabla ya maziko. Kitenge chenye sura hupangwa kwanza, uso ukae mzima katikati ya kifua, ndipo mkasi uingie. Mwenye haraka hukata popote.

Kwenye kilio tulipita mbele ya jeneza mmoja mmoja, baba mbele yangu. Uso wa Mama Maria ulikuwa umekatwa katikati. Jicho moja lilibaki kifuani, upande wa pili umeingia kwapani pamoja na mshono. Baba alisimama pale mpaka watu wa nyuma wakaanza kunong'ona. Akanyoosha mkono, akaugusa ule mshono.

"Minye ningemuacha muzima," alisema.

Binti alikuwa amekaa karibu na kichwa cha mama yake. Hakupandisha sauti.

"Tulijua, baba. Njo maana tulianza kwako."