Habari Iliyokwama Mezani

Kaka yangu tunamwita Mkurugenzi, na cheo hicho hajawahi kukipata. Ni msimamizi wa kiwanda kidogo kinachofua mashuka ya hoteli na hospitali, nami nakaa kaunta kupokea wateja. Tumenyonya ziwa moja, kwa hiyo nikimsema simsengenyi: ana bidii, ana huruma, ila mdomo wake hauna breki.

Meneja alipotangaza kustaafu, tajiri wetu alisema hampi mtu kile kiti kabla hajamwona kwa macho yake akiongoza wenzake. Akatupeleka kwenye mafunzo: kaka, mimi, na dereva wa gari la mashuka. Kaka alinyoa ndevu, akavaa tai. "Dada, leo nyinyi ni mashahidi tu," aliniambia mlangoni. Tajiri akaketi nyuma ya ukumbi.

Mafunzo yenyewe yalikuwa mchezo wa kompyuta. Kila meza ilipewa kampuni ya magodoro ya kubuni, iiendeshe raundi kwa raundi. Weee! Kaka akashika usukani: tangazeni, shusheni bei, fungueni tawi! Dereva alikodolea macho skrini yake, akawa anafungua mdomo na kuufunga. Nilidhani ni usingizi. Raundi ya tatu tukaishiwa sponji na kampuni yetu ikafa, meza nyingine zote zikiendelea kuuza.

Mwalimu wa mchezo, mama mpole mwenye miwani, akatujia. "Kiwanda cha sponji kilitangaza kufungwa tangu raundi ya kwanza," alisema. "Kwa kila meza, habari hiyo tulimtumia mtu mmoja tu. Hapa aliipata nani?"

Dereva akainua mkono huku akiangalia viatu vyake.

"Kumbe ulijua!" kaka akafoka. "Ukanyamaza, unanitazama tu nikizama?"

Mwalimu hakubishana naye. Asubuhi alikuwa ametuambia kwamba maongezi yetu yatarekodiwa, basi akabonyeza kitufe. Tukamsikia dereva: "Bosi, sponji..." Na kaka: "Ngoja nimalize." Dereva tena: "Bosi, kuna..." Kaka: "Nakusikiliza, lakini kwanza..." Safari iliyofuata maskini hakumaliza hata neno "bosi".

Nyani haoni kundule, sawa, lakini kuonyeshwa hadharani, mbele ya tajiri, ni jambo jingine. Kaka alikuwa kama mtu aliyemwagiwa ndoo ya maji.

"Na kazini nako mnanificha mambo?" aliuliza kwa sauti ndogo nisiyoijua.

Dereva akamsogelea. "Ile mashine kubwa ya kukaushia, bosi. Inatoa moshi."

Mimi mwenyewe sikujua; nani angemwambia dada wa bosi? Wiki ile ile kaka alikuwa amemhakikishia tajiri kwamba mashine hiyo haina kasoro, na watu wanashinda humo kiwandani kutwa nzima. Akapiga simu kazini, akaweka spika.

"Zimeni mashine kubwa! Sasa hivi!"

"Tulishaizima siku nyingi, bosi," mpiga pasi alijibu. "Ukiwepo tunatumia ile ndogo; ukitoka tu, tunaanika juu ya paa. Hata sasa tuko huku. Mama yako ndiye katuletea kamba, huyu hapa."

"Mama?" tulisema mimi na kaka kwa pamoja.

Mama akapewa simu.

"Mama, ulijua? Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia tukila, mwanangu. Ukasema 'safi sana', ukaomba chumvi."

Ukumbini hakucheka mtu, hata mimi ninayecheka kwa jambo dogo tu. Kaka alilegeza tai, akamgeukia tajiri. "Mzee, hicho kiti kisubiri kwanza," alisema. Kisha akaiinamia simu.

"Mama, hebu nieleze tena, tangu mwanzo."

Mama akaeleza. Alieleza kwa kirefu, na mambo ya jirani akachanganya humo humo, na kaka hakumkatiza hata mara moja.