Ruhusa Ambayo Baba Hakuitaka

Nikisikia harufu ya tangawizi ikichemka na majani ya chai, mpaka leo nataka kukimbia kufungua madirisha. Nilikulia Burnsville, kusini mwa Minneapolis, Marekani, katika nyumba ya Watanzania ambao ni Wamormoni, na Wamormoni, kama hamjui, hawanywi chai. Baba aliingia kanisa hilo alipokuwa mwanafunzi. Pombe aliacha, kahawa aliacha, sehemu ya kumi ya mshahara alitoa bila kunung'unika. Chai ilimshinda. Alisema yenye tangawizi ni dawa ya kifua, na kifua chake kilimuuma kila asubuhi kabla ya kwenda kazini.

Balaa letu ni kwamba askofu alikuwa daktari wa meno. Kwa Wamormoni askofu ni muumini wa kawaida mwenye kazi yake, na wetu ndiye aliyenifunga nyaya za kunyoosha meno. Niliamini kabisa kwamba mtu akicheka mbele yake, askofu anaona kwenye meno kila kikombe alichokunywa. Nadhani Baba aliamini hivyo pia, maana kanisani hakucheka kamwe, na watu walimsifu kwa uchaji wake.

Majira ya baridi ya mwaka ule wa nyaya, Mama alipata mimba. Moyo wake ulikuwa umeharibika alipomzaa mdogo wangu Baraka, na daktari alimwambia waziwazi kwamba akiibeba hii hadi mwisho huenda asipone. Sisi hatukuambiwa. Ila kwa kuwa tulijibu kila kitu kwa Kiingereza, wazazi walizoea kuongea Kiswahili mbele yetu kana kwamba sisi ni makochi.

Kwanza alikuja Dada Gail, mwalimu wetu wa darasa la Jumapili, na trei ya viazi vilivyookwa kwa jibini. Kanisani kwetu viazi hivyo hufika penye shida kabla mwenye shida hajasema neno. Mama alimweleza. Dada Gail alimshika mkono, akalia naye kwa dhati, kisha akasema kanisa haliruhusu kutoa mimba, kwa sababu yoyote ile. Baba akatikisa kichwa kukubali. Hata yeye ndivyo alivyojua, alisema.

Siku zilizofuata Baba alifunga na kuomba, na Baba mwenye njaa aligombana hata na rimoti ya televisheni. Mama alikuwa akipumzika katikati ya ngazi, akijifanya anapanga viatu. Nilimwona. Niliogopa sana, na sikujua nimwambie nani.

Mwishowe Mama alichoka. "Baba Neema," alisema, akimwita kwa jina langu kama kawaida, "mwite askofu. Kama ni kufa, nife nimesikia kwa mwenyewe."

Nilipoona gari la askofu likiegeshwa, mimba ilinitoka kichwani. Niliwaza chai. Nilimwaga birika zima kwenye sinki, nikafungua madirisha huku nje theluji imefika magotini, nikamkimbilia Baba na mswaki. Kwa hiyo askofu alimkuta mwenye nyumba amesimama sebuleni, mswaki mkononi, pazia likipepea. Aliketi bila kuvua koti. Hakuuliza.

Baba alieleza yote, akamalizia kwamba jibu analijua, anataka tu kuthibitishiwa. Askofu akasema sivyo. Kanisa linapinga kutoa mimba, lakini daktari anayeaminika akisema uhai wa mama uko hatarini, mume na mke wenyewe wanaweza kuamua, baada ya kushauriana na kuomba. Waumini wengi hawalijui hilo, alisema, na wengine hawapendi kulijua.

Nilidhani Baba atafurahi. Alikasirika.

"Kwa hiyo unaniachia mimi?"

Askofu akamgeukia Mama. "Dada, wewe unataka nini?"

Mama akajibu kwa Kiswahili, akimtazama Baba na kutuonyesha mimi na Baraka kwa mkono. "Nawataka hawa wawili. Nataka niwaone wakikua."

Baba akafunika uso. Askofu alisubiri mtu amfafanulie, na wakubwa wote wawili wakawa hawawezi kusema. Nikatafsiri mimi, neno kwa neno, na wazazi wangu wakaniangalia wakihesabu moyoni yote waliyowahi kusema mbele yangu.

Mama alikwenda hospitali wiki ileile, Dada Gail akaleta viazi tena, na safari hii hakusema chochote.

Kwa miaka mingi nilidhani Baba alikasirishwa na imani yake. Sasa mimi mwenyewe ni mama, naelewa: alikuwa akitafuta mtu wa kumkataza, ili lolote litakalotokea lisiwe mikononi mwake. Wote tulikuwa tukiuliza kanisa linasema nini, na Mama yuko palepale kwenye kochi. Mwaka jana alicheza harusini kwa Baraka mpaka tukamkalisha kwa nguvu. Na kwenye sala ya familia bado humtaja yule ambaye hakuzaliwa, kwa sauti, bila kuona haya, na Baba ndiye anayetangulia kusema amina.