Mji Usiohitaji Makaburi

Nimeandika kumbukumbu za vikao vya kanju, baraza la mji wetu, kwa muda mrefu, hata nikisikia mtu akisema "kwa ruhusa yako, mwenyekiti", mkono wangu hutafuta kalamu, iwe niko harusini au kanisani. Siku hizi si kanju tena. Sheria inasema ni bodi ya manispaa, na tumetundika kibao kipya langoni, lakini watu wa mji wetu hawakuona sababu ya kujisumbua. Taka zikijaa ni kanju. Taa ya barabarani ikizimika ni kanju. Mimi mwenyewe ni "yule mama wa kanju", na nimeshaacha kuwasahihisha.

Kwa asiyetujua, vikao vyetu huanza kwa dua. Mchungaji huomba, kisha ustadhi huomba, na kwa kuwa hakuna anayetaka kuonekana ana haraka na Mungu kuliko mwenzake, huomba kwelikweli. Baada ya hapo kila anayesimama husema kwamba ataifuata itifaki iliyokwisha kutajwa, halafu anaitaja yote upya, kuanzia kwa mheshimiwa hadi kwa mlinzi. Tukifika kwenye ajenda zenyewe, jua limeshapanda na harufu ya pilau imeanza kuingia dirishani.

Ajenda ya makaburi ilikuwa ya mwisho siku zote. Mwenyekiti wetu, mwalimu mkuu mstaafu, ni mtu mwema na muungwana, na aliona si adabu kufungua kikao kwa habari za kaburi. Basi ikawa ya mwisho, na ya mwisho maana yake ni ile inayogongana na chakula. Nani atazungumza makaburi na sahani zinapangwa chumba cha pili? "Tule kwanza," mmoja atasema, "mambo haya hayataki tumbo tupu." Tunakula. Tukishakula, wajumbe mmoja mmoja hukumbuka kwamba wana wageni nyumbani, akidi huvunjika, nami naandika: imeahirishwa. Nimeliandika neno hilo mara nyingi kuliko jina langu.

Jambo lenyewe halikuwa gumu. Makaburi ya mji, yale ya nyuma ya uwanja wa mpira, yalikuwa yamejaa, na afisa wa afya alitaka yafungwe. Ilibaki bodi iamue kama itatafuta ardhi nyingine, na kama wale waliokuwa na nafasi kando ya watu wao wataruhusiwa kuzitumia au la.

Aliyekuwa akiingoja hiyo "au la" ni fundi viatu.

Alikaa nje ya lango letu, na hakuna kiatu kilichoingia kwenye kikao ambacho hakikupita mikononi mwake. Alikuja pwani akiwa kijana, kutoka bara, kukata mkonge. Mkonge ulipomshinda mgongo akajifunza kushona viatu, akaoa mwanamke aliyekuja kutafuta maisha kama yeye, wakakaa. Mungu hakuwajalia mtoto. Shamba la kwao liliuzwa na nduguye zamani, na nduguye naye akafa. Alichobaki nacho bara ni jina la kijiji kwenye kitambulisho. Kiswahili alikizungumza cha huku, kwa lafudhi ya huku, na alikuwa mbishi wa mpira kama watu wa huku. Mkewe alipokufa alizikwa pale nyuma ya uwanja, makaburi yalipokuwa bado yana nafasi, na kando yake pakabaki pahali pa mtu mmoja. Fundi alipalima, akapafagia, akapawekea mawe ya mpaka. Kila Jumapili baada ya ibada ungemkuta huko na ufagio wake, anampa mkewe habari za mji.

"Shikamoo, Fundi," nilikuwa nikimwamkia nikitoka kikaoni.

"Marahaba, binti yangu. Makaburi wameyafikia?"

"Yameahirishwa."

"Basi na mimi naahirisha," anasema, anaendelea kugonga msumari.

Tulicheka hivyo miezi na miezi. Lakini nilikuwa namwona anavyokonda, na kikohozi chake kilikuwa hakiahirishwi.

Hatimaye sheria ikatubana: wananchi lazima waulizwe. Tukaita mkutano wa maoni katika ukumbi wa jamii, na ukumbi ukajaa, maana tulitangaza pia kwamba kutakuwa na soda. Dua zikaombwa. Itifaki ikafuatwa. Kisha wakaanza.

Alisimama mzee mmoja wa mji wa kale, kanzu nyeupe, akasema kwa utaratibu mzuri: "Sisi tuna maziara yetu, alhamdulillahi, wakfu wa wazee wetu. Jambo hili halituhusu. Lakini tunaliunga mkono kwa ajili ya wenzetu."

Akasimama mkulima wa upande wa kwetu, Kakuyuni. "Sisi huzika mudzini, ubavuni mwa nyumba. Mtu wetu akizikwa na kanju, hiyo ni aibu ya ukoo mzima. Lakini wale wengine wapewe, ni binadamu."

Akasimama mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa bara, sauti nzito. "Sisi maiti wetu tunawarudisha nyumbani. Tunachanga, tunakodi basi, twende. Hakuna mtu wetu atakayelala ugenini. Ila hao wengine, serikali iwafikirie."

Nikaangaza macho ukumbini kuwatafuta hao wengine. Kila mmoja alikuwa anatikisa kichwa kwa huruma.

Mwenyekiti akajumlisha, na nakumbuka alivyofurahi, maana haikuwa kawaida yetu kuafikiana. "Nikiwasikia vyema," akasema, "kila mtu ana kwao. Kwa hivyo mji huu hauhitaji makaburi." Tukapigiwa makofi. Ajenda ile iliyotushinda muda wote huo ilimalizika kabla ya soda kufunguliwa.

Ndipo fundi akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti," akasema, "hao wengine mnaowasema ni mimi."

Watu wakacheka. Walicheka kwa mapenzi, nisiwasingizie. Hakuna aliyemchukia fundi. Mwenyekiti mwenyewe alitabasamu. "Fundi, kwani kwenu ni wapi?"

"Hapa."

"Hapa ndiyo, lakini kwenu?"

"Hapa, mwalimu. Pale nyuma ya uwanja, kwa mke wangu. Nafasi ipo, napafagia mwenyewe. Naomba mniruhusu pale tu, halafu mfunge."

Kicheko kikaisha. Nikadhani wamemsikia. Kumbe walikuwa wanasikia kitu kingine kabisa. Mwenye duka alisimama tena, na safari hii macho yalikuwa yamemlowa. "Mzee huyu ametushonea viatu sisi sote, na watoto wetu. Leo anaomba kuzikwa na kanju, kama mtu asiye na mwenyewe? Tumefika hapo? Mimi natoa basi la safari. Siku yake ikifika, tutampeleka kwao kwa heshima."

Hapo ukumbi ulilipuka. Mheshimiwa akaahidi jeneza, la mbao nzuri. Kina mama wakasema chakula cha matanga waachiwe wao. Mchungaji akajitolea kusafiri. Kamati ikaundwa papo hapo, na mwenyekiti wake na mweka hazina wake: kamati ya mazishi ya mtu aliyekuwa amesimama mbele yetu, kofia mkononi, akijaribu kupenyeza neno.

"Sitaki kwenda," alikuwa anasema. "Jamani, kule sijui mtu."

"Usijali, mzee," wakamjibu, "hatutakutupa."

Mori ulinipanda. Karani hasemi kikaoni, lakini nilisimama. "Mwenyekiti, huyu ameomba azikwe hapa. Hakuomba basi."

Mwenyekiti akanitazama kwa upole ule wa mwalimu, wa kukufanya ujione una kamasi. "Mama, wewe tuandikie tu," akasema.

Nikaandika. Niliandika kwamba fundi alikataa. Kikao kilichofuata, wakati wa kuthibitisha kumbukumbu, mjumbe mmoja akaona kuna kosa. Akapendekeza, akaungwa mkono, na "alikataa" ikasahihishwa ikawa "alishukuru". Nilitia saini kwa hasira, na pilau sikuionja.

Nilimwambia fundi siku hiyo hiyo. Akaweka sindano chini. "Nilishukuru?"

"Ndivyo walivyopitisha."

Akakohoa, akafuta mdomo. Nikamwambia twende kwetu Kakuyuni, nitazungumza na mama, atapata pahali. Nilijua ndugu zangu watanijia juu, maana kwetu huku kaburi la mtu baki leo ni hati ya shamba kesho, lakini nilikuwa tayari kugombana nao. Fundi akatikisa kichwa.

"Ahsante, binti yangu. Lakini Kakuyuni mke wangu hayuko."

Nilimwendea afisa wa afya, akaniambia bodi imeshaamua, makaburi yamefungwa. Nikawaendea wajumbe, kila mmoja akaniambia yeye mwenyewe hana neno, ila kamati. Nikaiendea kamati, wakaniuliza kama na mimi nimekuja kuchanga.

Alifariki wakati wa masika, hospitalini, kwa kile kifua chake. Na hapa lazima niwape haki yao. Sijapata kuona mambo ya mji wetu yakienda hivyo. Kamati ilikutana kwa wakati, wote, hakuna aliyekumbuka wageni. Dua zilikuwa fupi. Itifaki hakuna aliyeitaja. Kutengeneza bomba la maji kumetushinda tangu nianze kazi, lakini mtu mmoja mfu walimpangia safari kama watu waliozaliwa kupanga. Nikawaza, kumbe tunaweza.

Asubuhi ya kuondoka nilimkuta mwenyekiti mochari, amevaa suti nyeusi, viatu vyake vinang'aa. Nikamwambia bado kuna wakati. Mkewe yuko pale nyuma ya uwanja, ni mwendo wa kutembea, tumbebe mabegani tumpeleke.

"Mama," akasema, na aliumia kweli, niliona, "unataka watu waseme tulimtupa?"

"Watu gani, mwalimu? Watu wake si ndio sisi?"

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akaniambia kwamba basi limeshatiwa mafuta.

Nikapanda. Ningefanya nini, nimwache aende na kamati peke yake? Basi lilijaa, wengine wakakaa kwenye vigoda katikati ya viti. Walikuwamo wauza samaki, walimu, yule mzee wa mji wa kale na kanzu yake, wale aliokuwa akibishana nao mpira, wote wana huzuni ya kweli. Tulivuka Mombasa tukaelekea bara, baridi ikaanza kutuingia, tukaimba nyimbo za dini zote mbili.

Kijijini tulipokewa na kijana mmoja, mtoto wa yule nduguye. Alikuwa na adabu sana. Alitusalimia mmoja mmoja kwa mkono, kisha akauliza kwa sauti ya chini, huyu ni yupi katika wale ndugu wa baba? Alikuwa hajawahi kumwona. Shamba ambalo lingechimbwa kaburi lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakupenda. Wazee wakateta, chifu akaitwa. Chifu alikuwa mtu wa huruma. Aliona tumetoka mbali, akatupa nafasi katika makaburi ya umma ya pale, yale wanayozikwa wasio na wenyewe.

Nilimtazama mwenyekiti. Alikuwa anatazama chini, kwenye viatu vyake.

Tukamzika. Kulia kwake kulikuwa na kibao kisicho na jina, kushoto majani. Mwenyekiti akatoa hotuba fupi, sauti inamkatika, akasema tumemfikisha kwao. Kisha mchungaji wa pale, ambaye alikuwa ameombwa tu aje afunge kwa sala, akawageukia wanakijiji na kuuliza kama kuna anayemfahamu marehemu aseme neno moja. Wanakijiji wakatazamana.

Mikono iliyoinuka ilikuwa yetu. Muuza samaki akaeleza fundi alivyomshonea ndara na kumwambia atalipa akiuza. Mwenye duka akasimulia ubishi wa mpira, akacheka katikati, halafu akashindwa kuendelea. Yule mzee wa kanzu akasema kwamba kila Ijumaa fundi alimsalimia kwa jina la baba yake. Mimi nikasema kwamba alikuwa na mke, na kwamba alimpenda. Wanakijiji walitusikiliza kwa heshima, kama unavyosikiliza habari za mtu wa mbali.

Dereva akapiga honi, maana njia ni ndefu, na sisi sote tuliomjua tukapanda basi tukarudi nyumbani.